Kijani cha Haneti: maswali na majibu kuhusu krisoprezi

Kwa mtu wa Dodoma, kwatzi (madini magumu ya silika, kama ya mchanga) ya kijani ni krisoprezi, na krisoprezi ni Haneti: vilima vya wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji, ambako jiwe hili limekuwa likichimbwa tangu miaka ya 1980. Maswali ya leo yametoka kwa wachimbaji, mafundi na wanunuzi. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Shambani kwetu kuna mawe ya kijani ya kila namna. Nitajuaje lipi ni krisoprezi kabla sijaingia gharama ya kuyapeleka mjini? (Mkulima, Haneti)

Anza na kisu. Mwamba wa vilima vyenu una sapentini kwa wingi, nayo ni ya kijani pia, hivyo ndiyo inayowachanganya wengi. Sapentini ni laini: ncha ya kisu cha chuma huichimba na kuacha mfereji, na ukiipapasa unahisi utelezi kama wa sabuni. Krisoprezi ina ugumu wa 6.5 hadi 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanda kutoka 1 hadi 10, kwa hiyo kisu hakiiwezi. Kitaacha mstari wa kijivu unaong'aa, na hapo wengi hudhani jiwe limekwaruzika. Huo ni unga wa chuma cha kisu chenyewe. Usugue kwa kidole kilicholowa na utatoka. Kisha chukua kipande kisicho na thamani ukwaruze nacho chupa: krisoprezi hukata kioo bila kubembelezwa.

Baada ya hapo tazama palipovunjika. Krisoprezi huvunjika kwa mikunjo laini kama ya ganda la kombe wa baharini, kingo zake ni kali na mng'ao wake ni wa nta. Haina punje zinazoonekana kwa macho. Ukiona nyuzi, magamba au chembe za chumvichumvi, weka kando.

Kuna mawe mawili yanayopita mtihani nusunusu. La kwanza ni opali ya kijani, ambayo hutoka katika vilima hivyohivyo na hupata rangi kwa metali ya nikeli kama krisoprezi. Ugumu wake ni 5.5 hadi 6.5, na uzito wake kwa ujazo ni kama 2.1 wakati krisoprezi ni 2.6, kwa hiyo mkononi utaihisi nyepesi kuliko ukubwa wake. Usiitupe, ina soko lake. Ila usiichanganye na krisoprezi kwenye mfuko mmoja, maana mnunuzi akikuta opali ndani atashusha bei ya mfuko mzima. La pili ni magnesaiti yenye nikeli, ya kijani cha limau. Wafanyabiashara huiita krisoprezi ya limau, lakini kisu huikwaruza kwa sababu ugumu wake ni kama 4. Inapendeza kwenye shanga, haifai pete.

Ukishalipata jiwe kwenye mshipa wake, litoe kwa tindo, kabari na nyundo ndogo, ukichimba mwamba wa pembeni kwanza. Baruti na nyundo ya kilo tano huacha nyufa zisizoonekana, zikafichuka siku jiwe linapowekwa kwenye msumeno. Wakati huo hasara imeshahamia kwa fundi, na fundi hatarudi kununua kwako.

Hili jiwe ni aina ya zumaridi? Na ukijani wake unatoka wapi? (Mwanafunzi, Dodoma mjini)

Si zumaridi. Zumaridi ni madini ya aina ya berili, hupata rangi kwa kromiamu au vanadiamu, na ugumu wake ni 7.5 hadi 8. Krisoprezi ni kalsedoni, yaani kwatzi ya punje ndogo sana, ndugu wa damu wa akiki nyekundu inayovaliwa kwenye pete nyingi za fedha.

Rangi ni ya nikeli. Mwamba wenye nikeli unapochakaa juu ya ardhi, maji yanayopenya humo huyeyusha silika pamoja na nikeli na kuzishusha kwenye nyufa. Silika inaganda huko ikiwa imenasa chembe ndogo mno za madini ya nikeli, na chembe hizo zina maji ndani ya muundo wake. Shika hilo la maji, kwa sababu karibu kila tatizo linaloulizwa hapa chini linaanzia hapo. Ndiyo sababu pia krisoprezi hupatikana mahali pachache duniani: inahitaji mwamba wa namna hiyo na uchakavu wa muda mrefu. Szklary nchini Poland na Marlborough huko Queensland, Australia, ndiko kunakotajwa sana pamoja na Haneti.

Kwatzi nyingine za kijani zina visa tofauti. Aventurini hupata rangi kwa vipande vya maika (madini ya magamba yanayong'aa) ya kijani yenye kromiamu, ndiyo maana inametameta ukiigeuza. Prasiolaiti, ile inayopenywa na mwanga kabisa na kukatwa kwa nyuso bapa ndogondogo, rangi yake hutokana na chuma kilicho ndani yake.

Nilianika mawe yangu juani wiki kadhaa nikisubiri mnunuzi. Sasa yamepauka. Nimelaliwa na mawe mabovu? (Mchimbaji mdogo, Chamwino)

Mawe hayakuwa mabovu, jua limeyakausha. Joto na mwanga mkali huyaondoa maji yaliyomo kwenye chembe za nikeli, na rangi hufifia. Jua la Dodoma la Septemba na Oktoba halina huruma kwa jiwe lililolala juu ya bati au turubai jeusi.

Sehemu ya rangi hurudi. Yasafishe kwa maji na brashi ya plastiki, yaweke kwenye ndoo ya maji ya kawaida yenye kifuniko, uiache ndoo kivulini kwa wiki kadhaa. Yatoe, yafute, uyaache yakauke kivulini siku mbili ndipo uyahukumu. Usiyapime yakiwa yamelowa, maana jiwe lolote la kijani likilowa huonekana bora kuliko lilivyo. Jiwe lililopauka kidogo hurudi vizuri. Lililoungua likawa jeupe la maziwa halirudi, na hakuna dawa ya dukani itakayolirudisha.

Kuanzia sasa, ghafi ikitoka shimoni iende moja kwa moja kivulini, ifunikwe kwa gunia lenye unyevu, kisha ihifadhiwe kwenye ndoo au mfuko wa plastiki uliofungwa. Krisoprezi usiiweke mfuko mmoja na yakuti nyekundu ya Winza, kule Mpwapwa: yakuti ina ugumu wa 9 na itaichora yote safarini.

Onyo kwa mnunuzi: baadhi ya wauzaji hunyunyizia maji au kupaka mafuta ya kupikia kila mteja anapokaribia. Futa jiwe kwa karatasi laini nyeupe, ulitazame likiwa kavu, kivulini, juu ya karatasi nyeupe. Mafuta yataacha doa kwenye karatasi.

Mawe yapo kwenye shamba langu la urithi. Kwa nini niombe leseni kuchimba mali yangu? (Mkulima, Itiso)

Shamba ni lako, madini yaliyo chini si yako. Kwa sheria ya Tanzania madini yote ni mali ya umma yaliyo chini ya dhamana ya Rais, na kuchimba bila leseni ni kosa hata kama ni nyuma ya nyumba. Unayoihitaji ni leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hutolewa kwa Watanzania tu, hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Maombi hupitia Tume ya Madini, kwa ofisi ya afisa madini mkazi. Nenda na vipimo vya pembe za eneo, maana jambo la kwanza litakaloangaliwa ni kama kuna mtu mwingine mwenye leseni juu ya ardhi hiyohiyo. Na kwenye ukanda wa Haneti na Itiso hilo si jambo la kubahatisha: kampuni za utafiti wa nikeli zimekuwa huko kwa miaka mingi. Kama leseni ipo tayari, haki yako kama mwenye shamba ni fidia na makubaliano ya kutumia ardhi, na hayo yaandikwe kabla jembe la kwanza halijaingia.

Kuuza, uza kwenye soko la madini au kwa dalali mwenye leseni, upewe stakabadhi. Jiwe lisilo na karatasi linaweza kukamatwa njiani, nawe pamoja nalo. Mrabaha wa vito ghafi umekuwa asilimia 6 na wa vito vilivyokatwa na kung'arishwa asilimia 1, juu yake kuna ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Tofauti hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kufikiria kukata jiwe kabla ya kuliuza. Tozo hizi zinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha kila Julai, hivyo muulize afisa madini viwango vya siku hiyo kabla hujataja bei kwa mteja.

Nimeuziwa jiwe lililokatwa, la kijani kizuri mno. Nitapimaje nyumbani kama ni la kweli? (Mnunuzi, Area C, Dodoma mjini)

Vya bandia vinavyozunguka ni viwili: kioo, na kalsedoni nyeupe iliyotiwa rangi. Cha pili ni kigumu zaidi kukitambua, kwa kuwa jiwe lenyewe ni kalsedoni halisi na ugumu ni uleule.

Chukua lupu (lenzi ya kukuzia) ya mara kumi na tochi. Mulika kutoka nyuma. Kioo kina viputo vya duara na mistari ya mzunguko ndani. Kalsedoni iliyotiwa rangi hukusanya rangi kwenye nyufa na kwenye matabaka, hivyo utaona mistari ya kijani iliyokolea na katikati yake pamepauka. Krisoprezi ya kweli kwa kawaida ni ya rangi moja yenye ukungu kidogo, wakati mwingine ina vidoa vya kahawia vya mwamba wake. Kidoa kimoja cha kahawia kwenye tumbo la jiwe sisi hutupa imani zaidi kuliko kijani kisicho na dosari.

Sugua tumbo la jiwe kwa pamba yenye asetoni (kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha). Pamba ikitoka kijani, rangi ni ya kupaka. Ikitoka safi, bado hujathibitisha chochote, maana rangi za chumvi za kromiamu na nikeli zilizopenya ndani hazitoki kwa asetoni. Hapo tumia kichujio cha Chelsea (kioo cha rangi cha kutazamia vito) kama unacho: krisoprezi hubaki ya kijani, wakati kalsedoni iliyotiwa kromiamu huweza kuonekana yenye wekundu.

Kisha pima uzito kwa ujazo. Unahitaji mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.01, glasi ya maji na uzi mwembamba. Pima jiwe kavu, tuseme ni gramu 13.00. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha usomaji kwenye sifuri, kisha ning'iniza jiwe ndani ya maji kwa uzi bila kugusa chini wala kando. Mizani itaonyesha, tuseme, 5.00. Gawanya 13.00 kwa 5.00, upate 2.60, na hiyo ni krisoprezi au ndugu yake wa kalsedoni. Opali itakupa karibu 2.1, na jedi ya aina ya jadeiti, ambayo baadhi ya watu huiga kwa krisoprezi, itakupa 3.3. Vioo vingine huangukia 2.5 au 2.6, hivyo kipimo hiki hakisimami bila lupu. Makosa ya kawaida ni viputo vya hewa vilivyong'ang'ania jiwe (tone moja la sabuni ya maji huviondoa), na jiwe dogo mno: chini ya gramu moja mizani ya namna hii hudanganya.

Kwa jiwe la fedha nyingi, lipeleke kwa mtaalamu wa vito mwenye vifaa vya kupima mpindo wa mwanga. Krisoprezi husoma karibu 1.54.

Nimesikia amethisti, ile kwatzi ya zambarau, ikichomwa inakuwa kijani. Naweza kuchoma kwenye jiko la mkaa? (Fundi, Kondoa)

Unaweza kuchoma, lakini usitegemee kijani. Amethisti nyingi ikifikia nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi hugeuka njano au kahawia. Inayogeuka kijani, yaani prasiolaiti tuliyoitaja juu, hutoka machimbo machache tu, maarufu ikiwa ni Montezuma nchini Brazili, kwa sababu ya jinsi chuma kilivyokaa ndani yake. Jiko la mkaa nalo linapandisha joto kwa kasi na upande mmoja, hivyo utapata vipande vilivyopasuka. Uza amethisti yako ikiwa zambarau.

Nina ghafi nzuri kidogo na mashine ndogo ya kukatia. Naomba hatua za kutengeneza kaboshoni. (Kijana, Kikuyu, Dodoma mjini)

Kaboshoni ni jiwe lenye mgongo wa mviringo na tumbo bapa, na ndiyo sura inayoifaa krisoprezi, kwa sababu mwanga hauvuki ndani yake vya kutosha kufaidi nyuso.

Kabla ya yote, maji na barakoa. Vumbi la kwatzi huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na hapa kuna nikeli juu yake. Usikate wala kusaga kikavu hata dakika moja. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hili; vaa barakoa ya N95 au bora zaidi. Tope linalobaki liache litulie kwenye ndoo ulizoe, usilipige ufagio likishakauka.

Kata bamba la unene wa milimita 5 hadi 6 kwa msumeno wa almasi. Lishe jiwe polepole, maana ukilisukuma bamba litamegeka mwishoni. Lilowanishe, lisimamishe mbele ya tochi, usome nyufa. Chora umbo kwa ncha ya waya wa alumini (wino wa kalamu huoshwa na maji), ukiukwepa kila ufa. Hapa ndipo faida inapopatikana au kupotea. Afadhali mawe mawili ya milimita 8 kwa 6 yaliyo safi kuliko moja la 14 kwa 10 lenye ufa katikati. Vipimo hivyo, pamoja na 10 kwa 8 na 18 kwa 13, ndivyo masonara wanavyonunulia fremu, kwa hiyo usibuni vya kwako.

Sawazisha tumbo kwanza. Gundisha jiwe kwenye kijiti. Wengi hutumia nta ya moto. Kwa krisoprezi tunashauri gundi ya papo hapo, kwa sababu joto la nta linaweza kupausha au kupasua. Saga umbo kwa gurudumu la namba 80 (namba ya punje zake: ikipanda, punje ni laini zaidi), ubakize nusu milimita nje ya mstari. Endelea na 220 hadi mstarini, kisha jenga mgongo kwa kusaga kutoka ukingoni kwenda juu, ukizungusha kijiti muda wote. Fuata 600, 1200 na 3000. Kila unapobadilisha, osha jiwe na mikono, likaushe na ulitazame chini ya taa: mkwaruzo wa 220 ukiuruka hautaondolewa na 3000, utang'arishwa tu uonekane vizuri zaidi. Punguza ukingo wa chini kidogo kwa mshazari wa nusu milimita, la sivyo utamegeka sonara atakapofunga fremu.

Ng'arisha kwa oksaidi ya siriamu kwenye ngozi au kitambaa kizito, unyevu kiasi, kasi ndogo. Jiwe likianza kuhisiwa moto kidoleni, simama. Mgongo ukibaki na vijishimo vidogo, tatizo liko kwenye hatua ya 600 au 1200, rudi huko. Liondoe kijitini kwa kuliloweka kwenye asetoni.

Unene uamue kwa rangi. Ghafi iliyokolea sana ipe mgongo wa chini ili mwanga upite. Iliyopauka ipe mgongo wa juu, rangi ijikusanye. Kaboshoni ya 10 kwa 8 yenye kimo cha milimita 4 huwa na kama karati 2 na nusu, yaani nusu gramu. Unaponunua ghafi kwa kilo, piga hesabu kwamba robo tu, na mara nyingi chini ya hapo, ndiyo itakayobaki juu ya meza. Lingine ni mwamba wa kahawia, nyufa na tope.

Bibi yangu anaambiwa aloweke jiwe hili usiku na anywe maji yake kwa ajili ya moyo. (Msomaji, Kongwa)

Hakuna ushahidi kwamba linatibu moyo wala kiungo kingine. Bibi avae pete yake kwa urembo, na aendelee na dawa za hospitali.

Nimetengeneza pete ya fedha, mteja akarudi: jiwe lina ufa na limefifia. Nimekosea wapi? (Sonara, Dodoma mjini)

Kwa maelezo uliyotuma, ulipunguza ukubwa wa pete kwa moto jiwe likiwa ndani. Kukunja kitambaa chenye maji juu ya jiwe hakutoshi, maana fedha hupitisha joto haraka mno. Na krisoprezi iliyopashwa moto kisha ikatumbukizwa kwenye maji au asidi ya kusafishia hupasuka. Utaratibu ni huu: lehemu zote kwanza, asidi, suuza, saga na ng'arisha fedha, na jiwe liingie mwisho kabisa. Mteja akitaka ukubwa ubadilishwe, fungua fremu utoe jiwe, hata kama ni kazi ya ziada. Mtoze.

Kwa pete, fremu inayozunguka ukingo wote ni salama kuliko kucha nne za fedha zinazolibana jiwe. Acha kitako chake wazi ikiwa jiwe limepauka, lipate mwanga kutoka nyuma. Mashine ya kusafishia kwa mvuke usiitumie kabisa, na ya mtetemo iepuke kama jiwe lina ufa wowote.

Mwambie mteja aioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akianza kwa kusuuza ndipo afute. Vumbi la huku lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, na kufuta pete kavu kwa kitenge ndiko kunakoua mng'ao wake. Asiiache dirishani wala juu ya dashibodi ya gari. Kwa lililokwisha kufifia, lijaribu kwenye maji kivulini kama tulivyomweleza mchimbaji hapo juu. Ufa hauzibiki: kata upya jiwe dogo zaidi kutoka kwenye sehemu nzima, au mpe lingine.